Jumba la Sinema: Mgeni Aliyefanywa Mwenyeji

Katika insha za wanafunzi wetu, na mara nyingine katika hotuba za wakubwa, jumba la sinema hupewa sentensi tatu tu: lililetwa na wageni, lilieneza kasumba, likafa ilipofika televisheni. Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili ni nusu ya kweli. Ya tatu, kwa upande wa Tanzania Bara, si kweli hata kidogo. Kwani matangazo ya televisheni yalianza Bara mwaka 1994, na wakati huo majumba mengi ya sinema yalikuwa yamekwisha kufunga milango, au yalikuwa yakipumua kwa shida. Na huko Zanzibar, ambako televisheni ilitangulia mapema katika miaka ya 1970, watu waliendelea kupanga mstari mbele ya madirisha ya tiketi kwa miaka mingi baada ya hapo. Basi aliyeliua jumba la sinema ni mwingine, na yafaa atajwe. Lakini kabla ya kuuliza nani aliliua, hatuna budi kuuliza lilikuwa kitu gani, maana mtu hamlilii asiyemjua.

Msomaji atashangaa kwamba jambo hili tunalitazama kutoka Dodoma. Sinema, husemwa, ni mambo ya Pwani. Huko ndiko watu wanakosema "senema" kama vile neno hilo walizaliwa nalo. Ni kweli kwamba Unguja na Dar es Salaam ndizo zilizoongoza. Hata hivyo reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na palipofika reli palifika duka, palipofika duka palifika mtaa wa wafanya biashara kutoka Bara Hindi, na hapo hapakukawia kupatikana ukumbi wa kuonyeshea picha. Hiyo ndiyo njia iliyofuatwa katika miji mingi ya bara. Mikanda ilikuja ndani ya mikebe ya bati, ikapanda gari moshi pamoja na magunia na barua, ikaonyeshwa siku chache, ikarudishwa kituoni ili iendelee na safari kwenda mji mwingine. Mvua ilipovunja njia ya reli huko Kilosa na Gulwe, mji mzima ulibaki na picha ya wiki iliyopita. Kwa hiyo mtu wa nyanda za kati aliiona sinema kama alivyoyaona mambo mengi ya serikali na ya biashara: ikiwa imechelewa kidogo, na ikiwa imekwisha kuchakaa mikononi mwa wengine.

Tangu mwanzo palikuwa na vitambaa viwili vyeupe katika nchi hii, na tukivichanganya hatutaelewa kitu. Cha kwanza ni kile cha serikali. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, chini ya Notcutt na Latham. Walitengeneza filamu zipatazo 35, sauti ikitoka katika sahani za santuri, wakazunguka nazo kwa lori. Mada zake zilikuwa safura, kahawa, chai, kodi, na faida za kuweka akiba posta. Baadaye, mwaka 1939, Waingereza waliunda kitengo cha filamu kwa ajili ya makoloni yao yote. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi; kwamba yafaa aonyeshwe jambo moja kwa wakati mmoja, polepole, bila hila za kamera, kama mtoto anayefundishwa kutembea.

Kitambaa cha pili ni kile cha jumba la mjini. Huko, katika miaka ile ile ambayo wataalamu walikuwa wakiandika kwamba Mwafrika hawezi, Mwafrika alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele akifuatilia farasi wanaokimbia, mapanga yanayogongana, nyimbo zinazoanza bondeni na kwisha mlimani, na hadithi ya saa tatu katika lugha asiyoisema. Wala hakupotea njia. Alipotoka nje aliweza kukusimulia yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na kuongeza chumvi yake. Twaona kwamba hoja hii peke yake yatosha kulipa jumba la sinema nafasi katika historia ya utamaduni wetu: lilikuwa mahali ambapo nadharia ya mkoloni juu ya akili zetu ilikanushwa kila jioni, kwa bei ya tiketi.

Tusiudharau, hata hivyo, ule ukumbi usio na kuta. Sisi tuliokuwa watoto katika wilaya za Dodoma tuliijua sinema kwanza kwa gari la serikali lililotandika kitambaa uwanjani baada ya magharibi. Waliowahi walikaa mbele. Tuliochelewa tulikaa nyuma ya kitambaa, tukayaona maandishi yakisomeka kinyumenyume na watu wote wakitumia mkono wa kushoto. Filamu zenyewe zilikuwa za mbolea na za kuchemsha maji. Lakini watu walikuja kutoka vijiji vya mbali.

Tuje sasa kwenye jumba lenyewe, na tuchukue mfano mmoja unaojulikana vema, yaani lile la Vuga, Unguja. Lilifunguliwa mwaka 1921 kwa jina la Royal, likiwa limebuniwa na John Sinclair, yule yule mtumishi wa utawala wa Kiingereza aliyeacha mkono wake katika majengo mengi ya serikali ya mji ule. Baadaye likaitwa Majestic. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 liliteketea kwa moto. Na mwaka 1955 likasimama jipya mahali pale pale, safari hii kwa ubunifu wa mwana wa Unguja, Dayaliji Pitamber Sachania, kwa mtindo wa kisasa wa wakati huo. Twaomba mwanafunzi wa sanaa alitazame jambo hili kwa makini. Jumba la kwanza lilichorwa na mtawala, la pili na fundi wa mji wenyewe. Jina ni la Kiingereza, mtindo ni wa dunia nzima, mbunifu ana asili ya Bara Hindi, picha za ndani ni za Bombay, Cairo na Marekani, na watazamaji ni Waswahili. Atakayetaka kuweka mpaka katikati ya vitu hivyo aseme "hapa ndipo utamaduni wetu unapoanzia," atakuwa na kazi kubwa.

Utaratibu wa ndani ulikuwa na ubaya wake, na hatutauficha. Viti viligawanya watu kwa fedha, na kwa kuwa katika siku za ukoloni fedha ilifuata rangi, basi tiketi nayo ilifuata rangi. Juu kwenye roshani walikaa wenye nacho; chini mbele, shingo zikiwa zimeelekezwa mbinguni, walikaa makuli, watoto wa mitaani na wapishi wa nyumba za watu. Katika miji kama Dodoma jumba lilikuwa Uhindini, na mfugaji aliyekuja mnadani kuuza ng'ombe alilipita bila kuuliza lina nini. Kwa hiyo hatusemi kwamba jumba la sinema lilikuwa la watu wote. Twasema tu kwamba palikuwa na mahali pachache mno mjini ambapo mpishi na tajiri wake walicheka kwa sababu moja, katika dakika moja, gizani. Huko Unguja palikuwa hata na maonyesho ya wanawake watupu, ambapo mama aliyelindwa na desturi za ukaaji wa ndani aliweza kutoka na bui bui lake, na wifi zake na binti zake, akakaa saa tatu mbele ya dunia nyingine bila jicho la mwanamume. Anayeona hilo kuwa dogo hajapata kufungiwa ndani.

Na watazamaji hawa hawakukaa kimya. Mgeni kutoka Ulaya alizoea kulalamika kwamba katika majumba yetu watu wanapiga kelele. Wanamwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, wanaimba na mwimbaji, wanamzomea hakimu. Sisi tuliokulia katika nchi ya Wagogo hatuoni ajabu. Katika ngoma zetu, iwe ni nindo au muheme, hakuna mtazamaji wa kukaa tu. Anayesimama pembeni naye anaitikia. Watu waliingia ndani ya jumba la kigeni na desturi yao ya kuitikia, nalo likalazimika kuikubali. Hata lugha ilipata chake. Maneno "stelingi" na "adui" yakawa istilahi kamili za uhakiki, na kanuni ya kwamba stelingi hafi ikajulikana na watoto ambao hawakupata kusikia jina la Aristotle. Wahakiki wa vyuoni wana maneno marefu zaidi kwa jambo hilo hilo.

Sasa ile nusu ya kweli, yaani kasumba. Zilikuwako filamu ovyo, tena nyingi. Za kupigana bila sababu, na za kumfanya Mwafrika mshenzi wa kubeba mizigo ya mzungu msituni. Lakini mtu hawezi kuhukumu duka kwa bidhaa mbovu peke yake. Tuzitazame mbili zilizopendwa mno katika majumba ya Tanganyika na Zanzibar. Ya kwanza ni Awara, ya mwaka 1951, ambayo Raj Kapoor aliitengeneza na kuiigiza mwenyewe. Ndani yake yumo hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mwungwana lazima awe mwungwana. Damu yake mwenyewe inakuja kusimama mbele yake kizimbani ikiwa imelelewa na mwizi. Wahenga wetu nao walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Hebu fikiri: kijana wa Kariakoo au wa Majengo, katikati ya miaka ya 1950, anayeishi chini ya utawala unaomwambia kwamba cheo chake kimeandikwa katika ngozi yake, anakaa gizani anamtazama hakimu huyo akiumbuka. Je, hiyo ni kasumba? Sisi twaona kwamba filamu hiyo ilibishana na mkoloni na wahenga kwa pamoja. Vijana waliiga kofia na mwendo wa Raj Kapoor, ndiyo. Lakini waliiga pia swali lake.

Ya pili ni Mother India, ya Mehboob Khan, mwaka 1957. Mama mkulima, Radha, anabaki na watoto na jembe. Mkopeshaji anachukua mavuno mwaka hadi mwaka kwa deni ambalo haliishi. Mafuriko yanazoa kilichobaki. Na mwisho mama anamwua kwa risasi mwanawe mwenyewe ili kuilinda heshima ya binti wa kijiji, naye ni binti wa mkopeshaji yule yule. Nyanda za kati zaijua njaa. Wazee wetu walihesabu miaka kwa majina ya njaa, na ile ya Mtunya, iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ilitajwa kwa sauti ya chini hata na waliozaliwa baada yake. Mtu wa hapa hahitaji mkalimani ili aelewe uso wa mama anayetazama ghala tupu. Kwamba hadithi hii ilitoka Bara Hindi si dosari yake. Tungekuwa na yetu ingekuwa bora, hatukuwa nayo.

Kwa upande wa ushairi, ambao ndio uwanja wetu, deni ni kubwa kuliko tunavyokiri. Waimbaji wa taarabu wa Unguja na Mombasa, mmojawapo akiwa Juma Bhalo, walizichukua tuni za filamu za Kihindi wakazitilia mashairi ya Kiswahili. Wapo walionuna wakisema huo ni wizi. Lakini jaribu, ewe mwanafunzi, kuchukua tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine, yenye vituo vyake na mivuto yake, uitilie ubeti wenye mizani kumi na sita na kina cha kati na cha mwisho, bila kuivunja tuni wala kuuvunja ubeti. Utajua kama ni wizi au ni ufundi. Ndivyo jumba la sinema lilivyotoka nje ya kuta zake na kuingia harusini.

Hapa hatuwezi kumpita Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ambaye ndiye aliyezipa ngonjera umbo na jina tunalolijua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilipandishwa jukwaani katika shule zote: wahusika wawili, mmoja mjinga na mmoja mwelewa, na mwisho mjinga anaongoka. Twaziheshimu, tumezitunga wenyewe na kuzifundisha. Lakini mhakiki hana budi kusema alionalo. Kwenye ngonjera watu waliitwa. Kwenye sinema watu walilipa. Ngonjera ilijua jibu kabla ya swali, na mtazamaji naye alilijua. Radha wa Mother India hakujua atafanya nini mpaka bunduki ilipokuwa mkononi. Katika tofauti hiyo limo somo kwa kila mwenye kutunga kwa ajili ya umma, na tunasikitika kwamba walioongoza sanaa za taifa walilichukia jumba la sinema badala ya kwenda kukaa ndani yake na kujifunza.

Lilikufaje basi? Halikufa kwa pigo moja. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo ilikuja kukabidhiwa peke yake uingizaji na usambazaji wa filamu. Mwezi Aprili mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majengo mengi ya katikati ya miji yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ya sheria hiyo, ya kuzuia wachache wasitajirike kwa kodi za nyumba, hatuipingi. Lakini jumba la sinema si nyumba ya kupangisha tu. Lataka paa lisilovuja, mashine isiyokwama na mtu anayejua watu wa mji wake wanapenda nini. Mwenye biashara aliyekuwa mwenye jumba alipogeuka mpangaji, hakuona sababu ya kupaka rangi ukuta usio wake. Na mwenye ukuta mpya alikuwa na kuta nyingi mno za kupaka. Sisi tuliotumikia ofisi za serikali twajua jinsi ombi la kuziba paa linavyoweza kusafiri kutoka meza hadi meza mpaka paa lenyewe likaanguka.

Mwaka 1976 ikaja sheria ya filamu na michezo ya kuigiza pamoja na bodi yake ya ukaguzi. Si hiyo iliyoua. Kilichoua ni upungufu wa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipanda tangu mwaka 1973; vita vya kumng'oa Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vikaikausha hazina; na serikali ilipokuwa ikichagua kati ya dawa, vipuri vya matrekta na mikanda ya sinema, ni nani angethubutu kuchagua mikanda? Hapo serikali hailaumiki. Lakini matokeo yalikuwa yale yale: mikanda ya zamani ikazungushwa mpaka ikajaa mikwaruzo kama mvua, ikikatika katikati ya wimbo, taa za projekta zikafifia, kodi ya burudani ikabaki pale pale juu ya tiketi. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja video. Waliokuwa wakinunua viti vya roshani walikuwa wa kwanza kununua mashine hiyo na kubaki nyumbani, na tiketi zao ndizo zilizokuwa zikilipa gharama za jumba. Mpishi na kuli walibaki peke yao kwenye mabenchi ya mbele, na fedha zao hazikutosha.

Yaliyofuata yanaonekana kwa macho. Uwanja wa sinema ya magari uliofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1966, huko Msasani, ambako hata asiye na gari alikwenda, sasa umejengwa Ubalozi wa Marekani uliofunguliwa mwaka 2003. Huko Kampala jumba la Norman liligeuzwa kanisa, na Nairobi nayo ina ya namna hiyo. Majestic ya Vuga ilikaa miaka mingi ikiwa gofu, ingawa wapo waliosimama kutaka ihifadhiwe na kurudishiwa uhai. Mahali pa majumba pakachukuliwa na vibanda vya video, ambavyo watu wenyewe waliviita vibanda umiza, na jina hilo latosha kueleza viti vyake. Hata hivyo humo nako watu walifanya yao: Dar es Salaam alitokea Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, akawa anazisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake, akitania, akieleza, akiongeza mambo yasiyokuwamo. Ile kelele ya watazamaji wa zamani ilikuwa imepata kipaza sauti.

Jambo moja latuuma kuliko mengine. Katika siku za ukoloni tulionyeshwa filamu za Kiswahili zilizotengenezwa na kampuni kutoka Johannesburg, kama vile Muhogo Mchungu, alimoigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Baada ya uhuru tulingoja tutengeneze zetu. Ilikuja Fimbo ya Mnyonge katika miaka ya 1970, ya kueleza siasa ya vijiji vya Ujamaa. Mwaka 1985 ikaja Arusi ya Mariamu, inayohusu mwanamke mgonjwa na waganga wa jadi, filamu fupi, tulivu, isiyo na mjinga wa kuongoka. Mwaka 1986 ikaja Mama Tumaini. Kamera ilikuwa imeanza kumtazama Mtanzania kama mtu mwenye moyo na mashaka. Lakini filamu hizo zilipokuwa tayari, mwenye tiketi alikuwa amehama, projekta ilikuwa imezimika, na milango ya majumba ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Wengi walioziona waliziona katika matamasha ya nchi za nje. Mkulima wa Mvumi au wa Bahi, ambaye nusu karne kabla yake alifuatwa na lori ili aonyeshwe jinsi ya kujikinga na safura, hakufuatwa na mtu ili amwone Mariamu.